Jezi Zisizo na Tope

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Dobi nyuma ya meza yake ya pasi, mdomo wazi, akimtazama mwanamke aliyeingia bila hodi na jezi mkononi, jezi yenyewe inachuruzika maji sakafuni. Wiki nzima mmenisumbua: ni nani huyo, anataka nini? Haya, mwacheni aseme mwenyewe.

"Dobi, umemponza mtu wa watu," alisema. "Leo saa tisa wanamfukuza kazi kwa sababu ya mdomo wako."

Alikuwa Fundi Mapazia, wa duka la tatu kutoka hapo, mama ambaye tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Mwanawe ni namba nane katika kikosi cha chipukizi cha Vifaru, timu yetu ya raga, ile ambayo msimu huu imefungwa na kila mtu isipokuwa marefa.

"Mdomo wangu umefanya nini?" Dobi aliisimamisha pasi. "Nilisema nilichokiona. Jezi za chipukizi zinaletwa hapa kila Jumatatu kwenye gunia la klabu, na haijawahi kuja hata moja yenye tope. Raga gani hiyo? Wanachezea kwenye zulia?"

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Jumapili iliyopita mbele ya mashabiki wote. Kocha alikuwa amesimama akijitetea kwamba matokeo ni mabaya lakini anajenga timu ya kesho, kwamba vijana wanasukumana kwenye skramu kila Jumamosi asubuhi nyuma ya kiwanda cha vigae. Ndipo Dobi aliponyanyuka na jezi zake. Ukumbi ulilipuka. Watu wakamgeukia Kocha ajibu, naye akainamisha kichwa, kimya. Nani angemwamini tena?

Na Kocha huyo, kama umesahau, ni kaka wa kuzaliwa wa mke wa Dobi.

"Zinakuja safi kwa sababu tunazifua sisi," alisema Fundi Mapazia.

Dobi alicheka. Alicheka peke yake.

"Hii nimeitoa kwenye beseni sasa hivi. Tope lake limeziba bomba la bafuni kwangu, njoo uone."

"Mnafua kwa nini, na klabu ina dobi?"

"Ndiyo maana tunafua."

Mama wa watu akashusha sauti, kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Kaka, usikasirike. Mara ya kwanza ulipomfulia mwanangu, jezi ilirudi kitovu nje. Ya namba kumi na nne ilirudi na rangi ya chai. Tukakaa kina mama, tukakubaliana kila mtu afue kwake, zikifika kwako safi utazipiga pasi tu. Kwa pasi hatuna neno. Pasi unaijua."

Maskini Dobi! Miaka yote hiyo ya kusimama juu ya mvuke, na hiyo ndiyo sifa aliyoipata. Alitazama ule ubao wake mpya ukutani, DOBI RASMI WA VIFARU, herufi nyekundu, kazi aliyopewa na Kocha mwenyewe siku ile shemeji yake alipokuwa bado shemeji.

"Basi nenda kawaambie," alisema kwa hasira.

"Nimewaambia! Mwenyekiti Filimbi amenijibu kwamba mama wa mchezaji hana ushahidi, anamtetea kocha ili mwanawe apangwe. Vijana wenyewe wamesema, wakaambiwa wamefundishwa la kusema. Wanakuamini wewe tu. Usimame useme zinafuliwa majumbani."

"Na nikiulizwa kwa nini?"

Fundi Mapazia alikunja jezi yake taratibu.

Alipotoka, pazia la chumba cha nyuma lilifunguka. Mke wa Dobi alikuwa amesimama pale na fungu la henga za kutundikia nguo mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Baba watoto," alisema. "Unakwenda kusema?"

"Nikisema, nani ataleta nguo hapa kesho?"

"Na usiposema, kaka yangu anatoka kazini, na nyumba ya klabu inatoka naye. Unajua wataletwa wapi yeye na mkewe na watoto wao wanne? Kitanda chetu cha wageni ni kile unachojinyoosha mchana ukisema unafikiri."

"Kaka yako amemkalisha mwanangu chipukizi misimu miwili!" Hapo sasa Dobi alilipuka, maana hapo ndipo palipokuwa panamuuma. "Kijana mwepesi, ana mikono, ana akili! Namba tisa kama yule apangwe wapi, maktaba? Anamficha ili watu wasiseme anambeba mpwa wake. Kikosi cha kwanza kimejaa vizee, mwanangu anasugua benchi."

"Hiyo ndiyo iliyokusimamisha Jumapili?"

Dobi aliichukua pasi akaanza kunyoosha shati ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Nimekuuliza."

"Ndiyo," alisema. "Hiyo ndiyo."

Mkewe alizitundika henga moja moja. "Saa tisa nitakuwa ukumbini," alisema, akafunga mlango bila kuubamiza. Dobi angependelea aubamize.

Jamani, fika ukumbini saa nane na nusu uone watu walivyojaa! Timu ikicheza jukwaa linakuwa na mapengo, lakini ya kumfukuza kocha yakitangazwa hakuna mgonjwa wala mwenye udhuru. Dobi hakutembea kuingia. Alibebwa juujuu, akapitishwa juu ya vichwa mpaka meza kuu, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Mbele alikuwa Filimbi, muuza vipuri vya magari, mwenyekiti wa mashabiki, ambaye anavaa filimbi shingoni na anaipuliza kutoka jukwaani kila refa anapokosea, yaani muda wote. Alipuliza. Watu wakakaa.

"Mimi ni mtu wa vipuri," alianza. "Gari halipandi mlima, unafungua boneti, unakuta plagi imekufa. Unaibembeleza? Unaiombea? Unabadilisha! Kocha ni plagi."

"Badilisha!" ukumbi ulijibu.

Mwalimu mmoja wa hesabu alisimama katikati. "Tumeshabadilisha plagi mara tatu kwa miaka minne, mwenyekiti. Gari bado halipandi. Labda halina mafuta. Vijana hawaguswi mpaka wamalize shule, shule zenyewe zina mpira mmoja uliopasuka, halafu tunataka kocha awapike kwa msimu mmoja."

"Kaa chini! Hapa si darasani!"

"Na huyo namba moja wetu je?" alidakia mwingine. "Ana wajukuu! Kwenye skramu tunasikia magoti yake mpaka jukwaani!"

Namba moja mwenyewe alikuwepo, mstari wa tatu. Wanamwita Babu, jitu la haja, ingawa siku hizi mashavu yalikuwa yamebonyea. "Nileteeni mtu wa kunitoa," alisema kwa unyonge. "Mnadhani napenda? Kila mwaka nasema nastaafu, kila mwaka naambiwa chipukizi hawajaiva."

"Hawaivi kwa sababu hawapikwi!" Filimbi alipuliza tena. "Na shahidi tunaye. Mwacheni Dobi aseme, kisha tunapiga kura." Akainama kwenye sikio la Dobi. "Tukimaliza hapa, wewe ndiye mkuu wa kamati ya vipaji. Nimeshaongea na watu."

Mkuu wa kamati ya vipaji! Kamati ya vipaji ndiyo inayopendekeza vijana wa kupanda kikosi cha kwanza. Mwanawe angepanda wiki ijayo. Alilazimika tu kuyarudia maneno yale yale ya wiki iliyopita, aketi, avae kiatu chake.

Alisimama. Akamwona mkewe nyuma kabisa, mikono kifuani. Akawaona kina mama wa chipukizi safu moja, Fundi Mapazia katikati yao. Halafu akamwona Kocha kwenye kiti cha pembeni, peke yake, viti viwili kila upande vikiwa vitupu kana kwamba ana surua. Alikuwa ameishika kofia yake magotini, anaizungusha, anaizungusha.

Shemeji huyo ndiye aliyesimama naye siku ya mahari wazee walipoleta maneno. Ndiye aliyempa ile kazi ya jezi. Dobi alitamani kumchukia vizuri kwa dakika mbili tu, ikamshinda.

"Ndugu zangu," alisema. "Jezi zinakuja safi."

"Eeeh!"

"Zinakuja safi kwa sababu mama zao wanazifua kabla hazijanifikia."

Ukumbi ulicheka. "Kwa nini wafue?" aliuliza Filimbi huku anatabasamu, maana alidhani ni mzaha. "Klabu si ina dobi?"

Na hapo ndipo mwanaume alipokufa na kufufuka. Alishika ukingo wa meza.

"Kwa sababu ninaziharibu," alisema. "Zinarudi fupi. Nyingine zinabadilika rangi. Sijui mashine, sijui sabuni, sijui mimi mwenyewe. Wao wanafua, mimi napiga pasi. Vijana wanafanya mazoezi. Shemeji yangu hakudanganya. Nilidanganyika mimi, nikawadanganya nyinyi."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika gazetini. "Amenunuliwa!" "Mkewe amemkalia kooni!" "Shuka!" Kiatu kilimpita sikioni, na alipokitazama akakuta ni kile chake cha mlangoni. Watu wa safu za mbele walianza kusogea. Nyuma kabisa mkewe alikuwa na simu sikioni, anapiga kelele, "Njoo ukumbini sasa hivi, baba yako anataka kupigwa!"

Babu ndiye aliyewanyamazisha. Alinyanyuka taratibu, magoti yakalia kama kawaida, akamnyooshea Dobi kidole.

"Zinarudi fupi?"

"Ndiyo, Babu."

"Za kikosi cha kwanza pia?"

"Hizo zinakuja na tope, kwa hiyo nazifua."

"Miezi mitatu," alisema Babu, sauti inatetemeka. "Miezi mitatu nimeacha kula usiku. Jezi ilianza kunibana, nikajua nimenenepa. Mke wangu ananipikia, namwambia ondoa. Nimekwisha, nasukumwa na vitoto kwenye skramu, kila mtu anasema Babu amezeeka. Kumbe ni wewe?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Hata waliokuwa wanataka kumpiga Dobi walishikana mabega ili wasianguke. Filimbi alipuliza mpaka mishipa ikamtoka, hakusikilizwa, akabaki anasimamia mkutano ambao haumo mikononi mwake.

Aling'ang'ania. "Ushahidi!" alifoka. "Maneno ya Dobi hayatoshi, ni shemeji mtu! Kama kweli mama zao wanafua, wasimame hapa mbele ya watu!"

Fundi Mapazia alisimama. Akasimama mama wa namba kumi na nne. Akasimama mwingine na mwingine, mmoja akiwa bado na povu la sabuni kwenye viwiko, mpaka safu nzima ikawa wima. Mashabiki walianza kupiga makofi. Kocha aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, na Dobi akasikia kitu kinashuka kifuani mwake, laini kama maji ya uvuguvugu. Amemwokoa shemeji. Duka litakufa, lakini amemwokoa.

"Bado mmoja," alisema Filimbi.

Watu walitazamana.

"Mama wa namba tisa. Yule pale, mke wa Dobi. Mbona hukusimama, mama? Wewe hufui?"

"Nifue kwa nini?" mke wa Dobi alijibu kwa sauti. "Mimi si nimeolewa na dobi?"

Kicheko kingine. Lakini Filimbi hakucheka. Mtu wa vipuri akisikia mlio usio wa kawaida hauachi.

"Kwa hiyo ya mwanao hufui wewe, wala hafui baba yake, maana yeye anapiga pasi tu. Na haijawahi kuja hata moja yenye tope. Sasa hiyo namba tisa anaifua nani?"

Kicheko kilikatika. Dobi aliona vidole vya mkewe vinaikaza simu. Alijaribu kuikumbuka jezi ya mwanawe. Aliipiga pasi kila Jumatatu, kwa uangalifu kuliko zote, akaanza na namba ya mgongoni. Ilikuwa safi. Zote zilikuwa safi, angejuaje?

"Shemeji," alisema taratibu. "Hiyo jezi anaifua nani?"

Kocha alisimama. "Nilitaka tuongee nyumbani."

"Tuongee hapa."

"Haifuliwi na mtu, shemeji. Haivaliwi. Iko kwenye rafu ya stoo tangu msimu uanze. Mtunza stoo anaitia kwenye gunia pamoja na nyingine, wewe unaipiga pasi, inarudi rafuni. Mpwa wangu hajakanyaga mazoezini."

"Kila Jumamosi anatoka nyumbani na begi!"

"Najua. Wiki iliyopita uliponiuliza mbele ya watu kwa nini jezi ni safi, ningejibu nini? Ningejieleza, wangeanza kuhesabu jezi kama wanavyohesabu sasa, na aibu ingemwangukia dada yangu. Nikaona bora niitwe mwongo."

Dobi alikaa kwenye ngazi ya jukwaa. Aliona haya mpaka macho yakamwuma. Msimu mzima amemtukana mtu huyu mezani kwake, mbele ya mkewe, mbele ya wateja, kwamba anamkandamiza mwanawe. Na mwanawe anakaa mezani hapo hapo, anakula, anatikisa kichwa.

"Yuko wapi basi?" aliuliza. "Anakwenda wapi?"

"Baba!"

Mlango mkubwa ulikuwa umefunguka. Kijana alisimama kizingitini, anahema, tope mpaka kwenye nyusi, tope masikioni, goti linavuja damu. Na jezi aliyovaa, jamani, ilikuwa ya kijani na nyeusi. Jezi ya Nyati! Nyati wale wale wanaotufunga kila mwaka na kutuimbia mpaka stendi!

"Mama amesema unapigwa," alisema kijana. "Nimetoka uwanjani hivi hivi. Nani anampiga baba?"

Watu walikuwa hawajamaliza kuitazama jezi.

"Mwanangu," alisema Dobi. Sauti ilimtoka ndogo. "Kwa Nyati?"

"Hapa nikidaka mpira wanasema nimebebwa na mjomba. Nikiudondosha wanasema nimebebwa na mjomba. Nilitaka kucheza mahali ambapo sina mjomba." Kijana alijifuta usoni, akazidisha tope. "Nilitaka kukuambia, baba. Ulikuwa unamsema mjomba kila siku kwa ajili yangu, nikashindwa pa kuanzia. Jumamosi naanza kikosi cha kwanza. Tunacheza na nyinyi."

Dobi hakujua alie au ampige kofi au amkumbatie. Alisimama, akamwendea, akamshika bega, na mkono wake ukatoka na tope.

"Kuna kingine," alisema kijana, sasa anamtazama Kocha. "Mwenyekiti wa Nyati amenileta kwa gari lake, yuko nje. Nilimwambia mambo yote niliyoyajua nimefundishwa na wewe. Anasema kama hawa wanakufukuza leo, yeye anakuchukua leo leo."

Mnajua mashabiki walivyo. Wale wale waliokuwa wanaimba "badilisha" waliruka juu ya viti. "Haendi mtu! Kocha wetu huyo! Nani kasema afukuzwe?" Filimbi alikuwa wa kwanza kusema kwamba yeye binafsi hajawahi kuunga mkono wazo hilo.

Kocha alimtazama dada yake. Akaiweka kofia kichwani, akashuka katikati ya viti, na watu wakampisha.

Mlangoni alimkuta Dobi ametanua mikono, kiatu mguu mmoja, tope begani.

"Shemeji, hupiti."

"Nipe sababu moja," alisema Kocha, wala hakuwa na hasira. "Moja tu, nibaki."

Nje honi ililia mara mbili. Dobi, ambaye wiki nzima hakukosa la kusema, alitazama huku na huku, akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe, akaikaza mikono kwenye miimo ya mlango. Atasema nini? Subirini wiki ijayo.